Diriye Hakuwa Daktari

Mkahawa wa Barwaqo pale Iftin, mtaa wa Garissa, haukuwa na mlango. Zamani ulikuwa nao, wa mabati, lakini watu walivyozidi kuingia na kutoka bawaba zikachoka, Barwaqo akaulaza juu ya mawe ukawa meza ya kukandia unga. "Mlango wa nini," alikuwa akisema, "na mimi sina siri?" Kweli hakuwa nayo. Neno likiingia kwa Barwaqo saa ya chai ya asubuhi, adhuhuri liko sokoni kwa wauza mbuzi, na jioni limekwisha vuka daraja la Tana linaelekea bara. Mwaka ule wa tisini na sita mvua zilikuwa zimekataa, wafugaji wamejaa mjini na mifugo iliyobaki mbavu, na mabenchi yake hayakupata kupoa.

Uani nyuma ya mkahawa ndipo alipofanyia kazi Diriye, mdogo wake wa tumbo moja. Mchana Diriye alikuwa mwajiriwa wa hospitali. Alikuwa amesoma chuo cha tiba Nairobi, akarudi na cheti na koti jeupe, na kazi yake ilikuwa kuwarudishia watu viungo: aliyepooza afundishwe kuketi, aliyevunjika afundishwe kukanyaga. Jioni waliingia uani kwake wale walioogopa hospitali. Alikuwa amechomelea mabomba mawili ya maji, akayasimamisha sambamba kimo cha nyonga ya mtoto, na kati ya mabomba hayo kila jioni alitembea Rukiyo, binti wa jirani aliyepigwa na polio, jasho likimtiririka, anahesabiwa hatua kwa Kisomali kama ndama anayeitwa kunywa maji.

Lakini kazi hiyo iliitwaje? Hapo ndipo pilipili ilipoingia jichoni. Diriye alisema yeye ni mtaalamu wa tibamaungo, na wenzake wa Nairobi wakifupisha husema fisio. Garissa neno hilo halikupita kooni hata kwa chai. Mtu amevaa koti jeupe, anashika wagonjwa, wagonjwa wanainuka: huyo ni daktari, mazungumzo yamekwisha.

"Abaayo, dada yangu, usiwaambie mimi ni daktari," alimsihi dada yake. "Daktari ana baraza lake, jina lake liko kwenye daftari la serikali. Nesi naye ana baraza lake. Sisi bado. Hakuna sheria inayosema fisio ni nani na nani si fisio. Ndiyo maana tunakutana Nairobi, tunaiomba serikali ituandikishe. Leo mtu yeyote akinunua chupa ya mafuta ya ufuta akatundika kibao, naye ni mwenzangu."

Batula, shoga wa Barwaqo aliyekuwa hafanyi kazi ila kukaa pale na kucheka, akadakia. "Warya, wewe Diriye! Kitambulisho unacho. Kile kipande cha waridi tulichokipangia foleni sisi Wasomali kuthibitisha kuwa ni Wakenya, unacho. Na bado unatafuta kingine? Wenzako wanakimbia kuandikishwa, wewe unaomba!"

Mkahawa mzima ukacheka. Diriye naye akacheka, maana hakuwa mtu wa kununa. Na Barwaqo, wiki ile ile, akamwita kijana wa rangi akamwandikia ukutani kwa herufi nyekundu: DAKTARI WA MIFUPA YUKO NDANI. Diriye alipoyaona maandishi hayo akasema yafutwe. Barwaqo akasema yatafutwa. Na yakabaki.

Ndiyo maana Gelle alikuja.

Gelle alikuwa mfugaji wa upande wa Habaswein. Ngamia alikuwa amempiga teke, mguu ukavunjika chini ya goti, wazee wa huko wakamfunga kwa vijiti kama ada, akalala mwezi na zaidi hemani bila kusogea. Mfupa ukaunga. Lakini mguu ukavimba, ukawa unang'aa kama kiriba kilichojaa. Mdogo wake, Siyad, akampakia juu ya lori la mbuzi wakaja Garissa, na mtu wa kwanza waliyemuuliza aliwaelekeza kwa Barwaqo.

Diriye alipomwona aliinama, akaugusa ule mguu kwa nyuma ya mkono, akaukunja unyayo kidogo kuelekea juu. Gelle akauma meno. Diriye akasimama.

"Huyu hakandwi. Aende wodini, sasa hivi, daktari amwone."

"Daktari si wewe?" akauliza Siyad.

"Mimi ni wa viungo. Hii si kazi yangu."

Gelle akajiegemeza kwenye benchi. Uso wake ulikuwa na vumbi la njia nzima. "Ndugu yangu," akasema pole pole, "nimeketi juu ya pembe za mbuzi tangu jana. Njiani kila mtu ameniambia nenda kwa Barwaqo, kuna daktari. Wodi sikuambiwa na mtu. Watu wanaingia wodini wanatoka wamefunikwa."

Wanawake waliokuwa pale wakaguna kwa huruma. Barwaqo naye, birika mkononi, akaona aibu imemkaa usoni. Nyumba yake, tangu enzi za mama yao, mgeni hakuondoka mikono mitupu. Asiye na chakula alipewa chakula, mwenye maumivu alipewa mkono. Leo mtu ametoka Habaswein, mbele ya watu wote hawa, arudishwe kama mbuzi mwenye upele?

"Weka mkono tu, walaal, ndugu yangu," akasema. "Mguse. Kidogo. Kesho ataenda hiyo wodi yako."

"Abaayo, nimesema hakandwi."

"Kidogo! Mkono wako wenyewe ni dawa, nani hajui?"

"Weka mkono, daktari," wakasema wanawake. "Weka mkono," akasema Siyad, na sauti yake haikuwa ya kuomba.

Diriye akautazama ule umati. Halafu akapiga goti. Mikono yake ilipita juu ya ule mguu taratibu, kutoka kifundoni kwenda juu, kama mtu anayepangusa vumbi kwenye kitabu. Gelle akafumba macho. Baada ya muda akayafumbua, akatabasamu. "Wallahi umekuwa mwepesi," akasema. "Niletee chai, mama. Kama maziwa ya ngamia yapo."

Yalikuwapo. Barwaqo mwenyewe alimmiminia. Gelle akanywa, akasifu iliki, akasema sasa ajaribu kusimama. Akasimama. Akashika kifua kama mtu aliyekumbuka jambo, akamtazama Siyad, akaanguka na kikombe chake. Diriye alimrukia, akambonyeza kifua, akampulizia pumzi, akambonyeza tena mpaka vijana wakamshika mabega wakamwondoa. Chai ilikuwa bado inamwagika kwenye saruji.

Wakamzika siku ile ile, kabla ya magharibi. Na makaburini Siyad, mikono imejaa udongo, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Diya ya ndugu yangu sitaila."

Watu wa Garissa hawakuhitaji kufasiriwa. Anayekataa diya, fidia ya damu, ana kitu kingine anachokitaka.

*

Alfajiri Barwaqo alipaka chokaa juu ya maandishi ya ukutani. Chokaa ilipokauka, nyekundu ikarudi kuchungulia. Akapaka tena.

Diriye hakulala wala hakula. Hospitalini walimwambia akae nyumbani kwanza. Alikaa uani, mgongo kwenye bomba, akimwambia dada yake maneno yale yale. "Damu ilikuwa imeganda ndani ya mguu. Nilijua. Ukiikanda inabanduka, inapanda moyoni mpaka mapafuni. Nilijua, Barwaqo, na nikaweka mkono."

"Tulikulazimisha."

"Mkono ulikuwa wangu."

Siku ya pili chifu alipita, akakataa chai, na kwa Barwaqo mtu akikataa chai jua kuna jambo. Akamwita kando. "Kuna baraza kwa Sheikh Mursal Ijumaa baada ya swala. Watu wa marehemu wamekubali kusikiliza, kwa heshima ya sheikh tu. Utaitwa kutoa ushahidi. Lakini sikiliza vizuri. Polisi nao wanauliza. Hawaulizi Gelle alikufaje. Wanauliza nani hapa Iftin anajiita daktari. Kwa sheria ya serikali, mtu asiye kwenye daftari la madaktari akijiita daktari, au akiitwa na akakubali, na mtu akafa mkononi mwake, hiyo ni jela. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Basi nitasema si daktari."

Chifu akatazama chini. "Nenda kamuulize sheikh kwanza hukumu yake ikoje. Halafu uamue utasema nini."

Akaenda. Mke wa sheikh akamkaribisha, na sheikh akamjibu kutoka ukumbini bila kumzungusha. Dini iko wazi, alisema. Mwenye kutibu watu na hali hajulikani kuwa ni tabibu, akiua, dhamana iko shingoni mwake kama muuaji wa kukosea. Lakini aliyejulikana kwa utabibu, akafanya kazi yake bila nia mbaya, hana deni, na watu wa maiti hawana haki juu yake. "Akiwa tabibu," sheikh alisema, "nitamwambia Siyad mbele ya watu: huna haki, ukimgusa wewe ndiye mdhalimu. Na ataniheshimu. Asipokuwa tabibu, nitawaambia wale diya. Wakikataa, binti yangu, mimi sina bunduki."

Barwaqo alirudi nyumbani akipita barabara za nyuma, yeye aliyezoea kupita katikati ya soko akisalimia. Akiwa daktari, jela. Asipokuwa daktari, kaburi. Na kile alichokuwa kwa kweli, lile jina refu la chuoni, hakuna sheria iliyolijua, ya mbinguni wala ya Nairobi.

Usiku wa kuamkia Ijumaa alimweleza. Diriye alisikiliza mpaka mwisho.

"Abaayo, nakuomba kitu kimoja," akasema. "Usiniite daktari kesho. Nilimuua mtu kwa sababu nilikubali kuitwa nisilo. Waambie mimi ni fisio. Wakiuliza ni nini, waeleze. Kitakachonipata kinipate nikiwa nilivyo."

"Na wewe ukifa, mimi nitamwambia nini mama akhera?"

"Utamwambia nilikufa na jina langu."

 

*

Ukumbi wa Sheikh Mursal ulikuwa umegawanywa na pazia zito la maua. Upande wa mbele waliketi wanaume kwenye mikeka. Upande wa nyuma, wanawake. Mwanamke akiitwa kutoa ushahidi alisema kutoka nyuma ya pazia, na sauti yake ndiyo iliyoingia barazani. Batula alikuja kumshika mkono na, kwa mara ya kwanza tangu Barwaqo amjue, hakuwa na la kuchekesha.

Wanaume walipokuwa wakiingia, Barwaqo alisikia viatu vikiachwa mlangoni kimoja kimoja. Akatambua kikohozi cha chifu. Akasikia sauti ya Siyad ikiitikia salamu, fupi, kavu. Diriye hakuwapo, tangu alfajiri ukoo ulikuwa umemficha kule Bura kwa jamaa.

Sheikh akaanza kwa dua, akaeleza hukumu kama alivyomweleza yeye. Halafu akauliza: "Serikali inamtambua huyu Diriye kuwa tabibu? Jina lake limeandikwa mahali?"

Chifu akajibu, "Madaktari wana daftari lao, yeye hayumo. Watu wa kazi yake hawajapata daftari. Ndiyo kwanza wanaliomba."

"Basi hatuna karatasi. Tuna watu. Barwaqo binti Hassan, unanisikia?"

"Nakusikia, sheikh."

"Mbele ya Mungu. Ndugu yako anajulikana kwa kazi gani?"

Alikuwa amejiandaa usiku kucha. "Anajulikana kwa kazi ya viungo," akasema. "Amesomea chuoni. Anawatembeza wasiotembea. Mtoto wa jirani yangu alikuwa akijiburuta, leo anashika bomba na kusimama. Kazi yake inaitwa tibamaungo."

Minong'ono. Kisha sauti ya mzee mmoja wa upande wa Gelle: "Hiyo ni nini? Bibi yangu alikuwa akikanda viungo. Mchinjaji anajua viungo. Sheikh, sisi hatukuuliza anashika wapi. Tumeuliza, ni tabibu au si tabibu?"

"Ni mtu wa..." Barwaqo akakwama. Akainama kutafuta pumzi, na macho yake yakashuka mpaka pale pazia lilipoishia, shubiri moja juu ya sakafu. Nyayo zilikuwa zimejipanga kwenye mikeka, tupu, zenye nyufa, nyayo za watu waliotembea nyuma ya ngamia. Na pembeni kabisa, karibu na ukuta, nje ya mkeka, palikuwa na buti mbili nyeusi zilizopakwa rangi. Hazikuvuliwa.

Alizijua. Zilikuwa za sajini wa polisi, mtu wa bara aliyekaa Garissa miaka mingi, na Barwaqo mwenyewe ndiye aliyewahi kuwaambia wateja wake: jihadharini na yule, anajifanya hajui Kisomali, kumbe anakisikia mpaka ndoto zenu.

Batula naye akaziona. Akamkaza vidole.

"Barwaqo," akasema sheikh kwa upole, "ulipowaambia watu waje uani kwako, uliwaambia waje kwa nani?"

Ukumbi ukatulia. Kati ya zile nyayo tupu jozi moja haikutulia. Ilikuwa ikikandamiza mkeka kwa vidole, ikiachia, ikikandamiza. Nyayo za kijana. Barwaqo akajua ni za Siyad. Akazitazama hizo, akazitazama buti, akarudi kuzitazama hizo. Jela ina mlango, akajiambia. Hata ukifungwa, ni mlango.

"Kwa daktari," akasema.

"Sema tena, wasikie."

"Daktari! Niliwaambia daktari, nikaandika ukutani daktari, na Garissa yote inamjua kwa udaktari. Hata marehemu, Mungu amrehemu, alimwita hivyo. Hata ndugu yake Siyad. Alisema, weka mkono, daktari. Mwulizeni kama nasema uongo."

Kisha ile sauti kavu ikasema, "Nilisema hivyo."

Zile nyayo za kijana zikaacha kukandamiza mkeka. Sheikh akaanza kutoa hukumu yake, na kabla hajafika kwenye dua ya mwisho, zile buti ziligeuka, zikatoka bila haraka.

*

Polisi walimchukua Diriye kule Bura kesho yake asubuhi. Hakukimbia. Mahakamani kesi haikuchukua muda. Hakimu alimuuliza, kama si daktari yeye ni nani, naye akajibu kwa lile jina refu, na hakimu akauliza linapatikana katika sheria gani. Diriye akasema bado. Maneno ya Barwaqo yakasomwa kwa Kiswahili safi na sajini, neno kwa neno, hata yale ya ukutani.

Barwaqo alimpelekea mikate ya anjera na maziwa gerezani. Walikaa na askari katikati yao. Diriye alikuwa amekonda, mikono yake ameiweka mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

"Wamekufukuza kazi," Barwaqo akasema, maana alikuwa hajui kukaa kimya. "Lakini u hai. Walaal, u hai."

"Niko hai," akasema. "Kule Nairobi wenzangu wamesikia. Wameandika kwamba mimi si mmoja wao. Wanasema wanaotaka kuandikishwa na serikali hawawezi kuwa na mtu aliyejiita daktari." Akaitazama anjera, hakuigusa. "Wana haki. Ndivyo sheria inavyoanza. Lazima wamtoe mtu nje ndipo wajue ndani ni wapi."

"Nilikuwa nichague nini?"

"Sijui, abaayo. Usije Jumatatu hii. Njoo ile inayofuata."

Mkahawa haukufungwa. Ungefungwaje, na hauna mlango? Siku moja, chai ya alasiri, Siyad aliingia. Watu wakashusha vikombe, mabenchi mazima. Nyuma yake alikuwa mama yake, mzee aliyejifunga shuka kichwani, mkono wa kulia umening'inia ubavuni kama tawi lililovunjika.

Siyad akavua viatu, ingawa kwa Barwaqo hakuna aliyevua. "Amani," akasema. "Sheikh alisema sina haki. Nimekubali, moyoni pia. Aliyetibu ni tabibu, na ajali ni ya Mungu." Akamsogeza mama yake mbele. "Mkono wake hauinuki tangu mazishi. Usiku analia. Wameniambia daktari hayupo. Nimesema nije niulize mwenyewe."

Batula akageuza uso. Barwaqo akamwangalia yule mama, na kupitia nafasi ya mlango wa nyuma akaona uani, ambako Rukiyo alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye bomba, miguu ameinyoosha mbele. Hakujaribu kusimama tangu wiki ile. Juu ya mabomba mtu alikuwa ameanika shuka.

"Hayupo," akasema Barwaqo.

"Atarudi lini?"

"Akirudi hatashika mtu tena."

Siyad akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa kisima kimekauka. Hakuuliza kwa nini. Mama yake akaanza kujishusha kwenye benchi, kwa mkono mmoja, na mwanawe akamshikilia kiuno.

"Basi," akasema yule mzee, "huyo binti asituwekee mkono yeye? Si wa tumbo moja? Weka mkono tu, mwanangu. Kidogo."

Wanawake wakamtazama Barwaqo. Wengine walishaanza kutikisa vichwa kukubali. Barwaqo akaificha mikono yake yote miwili chini ya shuka aliyojitanda.

"Mimi nauza chai," akasema, na akamwita Batula ammiminie mgeni.